Jua Lipitie Protokoli

Tangazo lilisomwa redioni saa sita mchana, baada ya kwaya na kabla ya habari za vifo. Lilisema kwamba tangu siku ile, jua lote linalowaka juu ya jimbo la Ituri ni mali ya Harakati ya Wokovu wa Kweli, Tawi Halisi. Wakaaji wa Bunia wangeendelea kulitumia kuanika mihogo na nguo, kwa ruhusa ya muda. Atakayekutwa amejificha kivulini bila sababu ya maana angehesabiwa kuwa anasusia mali ya umma.

Hubert, Kamishna wa Nishati na Mwanga, alilisikiliza tangazo akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kwa kuwa yeye ndiye aliyeliandika. Kabla ya vita alifundisha umeme katika shule ya ufundi. Shule ilipogeuzwa kambi, Tawi Halisi lilimchukua pamoja na viti. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuutangazia mji kwamba umeme hakuna, na aliifanya kwa Kiswahili kizuri hivi kwamba watu waliokaa gizani walijisikia wameheshimiwa.

Tawi liliitwa Halisi kwa sababu kulikuwa pia na Tawi Asilia, Tawi la Mageuzi, na tawi moja zaidi ambalo lilikuwa bado porini likijitafutia jina. Kila tawi lilikuwa na rais wake, muhuri wake na njia yake ya kukimbilia. Katika jambo hili la mwisho, Tawi Halisi liliwapita wote, maana lilikuwa na gari-nyumba.

Gari hilo lilikuja na wazungu waliotoka mbali sana ili wamwone okapi, yule twiga mfupi wa msituni, kule Epulu. Waliposikia risasi, walipanda ndege ya wamisionari wakiwa na pasipoti zao na hofu yao, wakaliacha gari na vyote vilivyomo: kitanda cha kukunja, sinki, mapazia ya maua, na picha ya okapi iliyobandikwa mlangoni. Tawi Halisi lililipa gari hifadhi ya kisiasa. Muzee Fiacre, Président-Fondateur, yaani rais na mwasisi wa Tawi, alilipenda mara moja. Akaliita Ikulu Tembezi.

"Kiongozi wa kweli," alisema Muzee siku alipolipokea, "anapaswa kuwa tayari kuwafuata watu wake upande wowote."

Ndiyo maana liliegeshwa pua ikielekea uwanja wa ndege.

Liliegeshwa ndani ya uwanja wa nyumba ya wazazi, mtaa wa Bigo, kwa sababu hata Tawi Asilia lilikuwa na haya ya kupiga bomu mahali wanapozalia wanawake. Taarifa rasmi ilisema Muzee amehamia pale kuwalinda akina mama. Paa la nyumba ile lilikuwa na pano za sola, vile vibao vya kunasa jua, zawadi ya parokia. Pano zile zilialikwa kujiunga na mapambano, nazo hazikukataa. Asubuhi moja zilishushwa kutoka paa la akina mama, zikafungwa juu ya paa la Ikulu Tembezi pamoja na betri zao, na uwanja mzima ukapiga makofi kwa amri.

Tatizo lilibaki ndani. Madirisha ya chumba cha kuzalia yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya mchanga tangu risasi zianze kupotea njia. Humo, adhuhuri ilikuwa usiku. Mafuta ya taa hayakuwapo mjini, maana barabara ilikuwa imefungwa. Wanawake walizaa kwa mshumaa, na friji ya chanjo iligeuka kabati la kanga. Na katika kitanda cha pili kutoka mlangoni alilala Bénédicte, mke wa Hubert, miguu imevimba, mimba yake ya kwanza ikihesabu siku.

Mkuu wa wakunga alikuwa Mama Godelive. Godelive alikuwa mama mzazi wa Bénédicte, na kwa hiyo mkwe wa Hubert, mtu pekee Bunia nzima ambaye Kamishna wa Nishati na Mwanga hakuweza kumtazama machoni.

Godelive alimsubiri nje ya lango, mikono kiunoni.

"Hubert."

"Ndiyo, Mama," akasema Hubert, akiangalia viatu vyake.

"Mutoto wangu iko karibu kuzala. Mule ndani iko giza kama ndani ya chungu. Jana nilishika mutoto wa mutu, nikafikiri ni kichwa, kumbe ni matako. Pano zangu ziko wapi?"

"Mama, pano ziko katika huduma ya taifa."

"Taifa inazala?"

Hubert alikohoa. "Ombi la kuzirudisha linapaswa kufuata ngazi. Uanze kwa Ulinzi, halafu Sekretariati, halafu Protokoli, halafu..."

"Nilianza! Ulinzi ilinituma Sekretariati. Sekretariati ilinituma Protokoli. Ule kijana wa tai akaniambia ombi yangu haina heshima ya kutosha, nirudi kwa Ulinzi." Godelive akasogea karibu, na Hubert akarudi nyuma kwa adabu. "Mukwe wangu, nilikupa mutoto wangu bila ngazi. Ulikuja na mbuzi wako, nikakukaribisha, ukala. Sasa nakuambia: siku Bénédicte atashikwa na uchungu, nataka taa. Nimemaliza."

"Nimesikia, Mama."

"Kusikia hakuwashi taa," akasema Godelive, akaingia ndani.

Hubert alikwenda moja kwa moja kwenye Tume ya Unene wa Waya. Moyoni alikuwa na mpango ambao aliuona hauna dosari. Waya mmoja ungemwangazia Muzee, na kwa kuwa pano zilikuwa na nguvu ya kutosha, wa pili ungeweza kupenya mpaka kwa akina mama bila mtu kulalamika. Kilichohitajika ni waya mzuri tu, na waya mzuri alikuwa nao begani. Ilikuwa kable nene kama dole gumba, nyekundu, aliyopewa na Kaswera, mfanyabiashara kutoka Butembo ambaye lori lake lilikuwa limekwama sokoni.

"Chukua tu," Kaswera alikuwa amemwambia. "Lori isiyo na injini itafanyia kable nini? Injini mulibeba wenyewe."

"Harakati inakushukuru, Mama Kaswera."

"Ishukuru kwa kuniachia magurudumu."

Tume iliketi katika hema la Protokoli. Mwenyekiti alikuwa Yannick, Mkurugenzi wa Protokoli, kijana wa tai na glavu nyeupe, ambaye hakuwahi kuonekana akiketi kabla ya kiti kutambulishwa. Kulia kwake alikuwa Kanali Nicolas wa Ulinzi, na kushoto Madame Charlotte wa Sekretariati. Jumamosi Muzee angelihutubia jimbo zima kutoka ndani ya Ikulu Tembezi, kwa foni, mashine ya kurushia sauti, iliyounganishwa na redio ya mji, na kwa nguvu ya jua lililotaifishwa. Kazi ya Tume ilikuwa kuchagua waya.

Hubert aliweka kable mezani.

"Waheshimiwa," alisema, "umeme wa sola ni mpole. Hausukumwi kwa nguvu kama ule wa bwawa. Ni kama maji ya pipa lililowekwa chini: unataka bomba pana na safari fupi. Ukiyapa bomba jembamba na safari ndefu, kinachofika ni matone. Na waya mwembamba ukilazimishwa kubeba mengi, unashika moto."

Yannick aliitazama kable kama mtu anayetazama kiatu kilichoachwa juu ya sahani.

"Kamishna, betri iko wapi?"

"Chini ya kitanda cha Muzee."

"Na taa?"

"Juu ya kitanda cha Muzee."

"Na weye unataka kuvuta waya kutoka chini ya kitanda mpaka juu ya kitanda."

"Ndiyo. Ni mkono mmoja tu."

"Bila kupita kwa mutu?"

Nje, askari alisikika akimfukuza mbuzi wa parokia.

"Naomba kuuliza," akasema Yannick kwa sauti ya chini, ile inayotumiwa mbele ya maiti na wageni wa kimataifa. "Kuna mutu hapa amekwisha kufika kwa Muzee bila kupita kwa mutu?"

Kanali Nicolas mwenyewe alikuwa akisubiri kumwona tangu Pasaka.

"Hata bibi yake wa ndoa anapita kwanza kwangu," akasema Madame Charlotte.

"Basi! Na kuran ya umeme itamufikia namna gani, kama mwizi?"

Hoja ilikuwa nzito, na Tume iliipa heshima yake. Ikaamuliwa kwamba umeme utoke kwenye betri chini ya kitanda, upite dirishani, ujitambulishe kwenye kibanda cha Ulinzi, uandikishwe Sekretariati, usubiri Protokoli, kisha urudi kwenye gari kwa mlango wa mbele na kumwangazia Muzee. Kila ofisi ingekuwa na haki ya kuupima kidogo kabla ya kuuruhusu uendelee. Kanali angeupima kwa feni. Madame Charlotte kwa kaseti yake ya nyimbo za ndombolo. Yannick kwa taa ya mezani, kwa sababu Protokoli haiwezi kumpokea mgeni gizani.

Ukaja sasa unene.

"Ulinzi unataka hii ya dole gumba," akasema Kanali Nicolas.

"Kama Ulinzi inapata dole gumba, Sekretariati inapata dole gumba mbili," akasema Madame Charlotte.

"Madame, weye unalinda nini? Bahasha?"

"Nalinda siri zako, Kanali. Niseme moja hapa?"

Kanali akasoma dari ya hema.

Yannick aliinua glavu. "Hakuna ofisi itakayokuwa na waya munene kuliko ya Muzee. Hiyo ni kanuni. Na Muzee hawezi kuonekana na waya ya lori. Muzee anavaa hariri. Waya yake iwe nyembamba, laini, ya heshima. Kwa hiyo siye wote tutakuwa na nyembamba zaidi."

Hesabu hii haikuwa na tundu la kupenyeza hata sindano. Kikatafutwa kitu chembamba kuliko vyote, kikapatikana kwenye nguzo za simu za bulivari, barabara kuu ya mji, ambazo hazikuwa zimepeleka salamu ya mtu tangu serikali ya tatu iliyopita. Ulikuwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Wakaupitisha mkono kwa mkono wakiusifia.

Hubert alifungua kinywa kusema "lakini." Kisha akakumbuka kwamba Kamishna aliyemtangulia alilitamka neno hilo kikaoni, na sasa alikuwa balozi wa Tawi Halisi huko porini, kwa lile tawi lisilo na jina. Akakifunga.

"Na hii kable?" aliuliza tu.

"Itupwe," akasema Yannick. "Wapinzani wakiiona watasema Muzee alikusudia kutumia vitu vya lori. Kamishna, utaitupa weye mwenyewe, mbali na macho ya Muzee, mahali ambapo hakuna mwanaume atathubutu kuingia kuiokota."

Azimio lilipita kwa kauli moja. Hubert aliivaa kable begani akatoka, na macho yake, bila yeye kuyatuma, yakaenda kwenye ukuta wa nyumba ya wazazi. Wanajeshi wa vita vile walikuwa wameingia benki, wameingia kanisani, wameingia hata katika chumba cha kulala cha askofu na kutoka na shuka. Lakini chumba cha kuzalia hakuingia mwanaume. Mama zao waliwaambia hivyo kabla hawajajua kushika bunduki, na kulikuwa na maneno machache sana ya mama zao ambayo bado waliyatii.

Aliiweka kable chini ya gari na kujiambia kwamba azimio halikutaja tarehe.

Jumamosi ilifika na jua la kutosha kuaibisha tangazo. Uwanja ulijaa. Familia zilizokimbia Bule zililetwa kwa lori kutoka kambi ya wakimbizi ili ziwakilishe furaha ya wananchi, na ziliahidiwa maharagwe. Wachuuzi wa Bigo waliacha biashara zao, kwa kuwa kutokuja kulikuwa na faini. Mji mzima ulikuwa umeamriwa kufungua redio. Waya wa heshima ulizunguka uwanja juu ya miti ya mikaratusi, umefungwa utepe, mwembamba kiasi kwamba askari mmoja aliwekwa kuwaonyesha wageni mahali ulipo.

Muzee Fiacre alipanda ngazi za Ikulu Tembezi, akapunga mkono, akafunga mlango. Mapazia ya maua yakashushwa, ili mwanga wa taifa usichanganyike na mwanga wa kawaida.

Wakati huohuo sauti ilitoka upande wa mifuko ya mchanga. Hubert aliijua kuwa ya mkewe. Alikuwa ameisikia ikicheka, ikigombeza, ikiomba chumvi, lakini hakuwahi kuisikia hivi. Godelive akatokeza kichwa mlangoni, jasho likimtiririka.

"Hubert! Mutoto anakuja vibaya, na mushumaa umeisha. Sioni mikono yangu!"

Kamishna wa Nishati na Mwanga alimtazama mkwe wake machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi.

"Mama," alisema, "kuna azimio ambalo sijalitekeleza."

Akaingia chini ya gari, kwenye tundu lile ambalo wazungu walipitishia bomba lao la maji. Ncha moja ya kable nene aliifunga kwenye betri. Nyingine aliivuta hatua chache za uwanja, akatoa mfuko mmoja wa mchanga dirishani, akaitupa ndani kwa unyenyekevu wote, mbali na macho ya Muzee, mahali ambapo hakuna mwanaume angethubutu kuingia. Taa ya zamani ya akina mama ilikuwa bado inaning'inia ikingojea.

"Mama, ule uzi mwekundu wa ndani na mwekundu wa taa, mweusi na mweusi!"

"Mimi nimeshona batu, nitashindwa waya?"

Ndani ya chumba adhuhuri ilirudi.

Pale nje, Yannick alikuwa anatoa ishara. Umeme wa heshima ulianza safari yake. Ukajitambulisha Ulinzini, na feni ya Kanali ikazunguka kivivu kama mtu anayefikiria kujiuzulu. Ukaandikishwa Sekretariati, na mwimbaji wa ndombolo akaimba kwa sauti ya mzee mwenye kikohozi. Ukasubiri Protokoli, na taa ya mezani ikawa na rangi ya chai. Kisha, ukiwa umepimwa na kila mtu, ukapiga hodi kwa Muzee.

Ndani ya Ikulu Tembezi kulionekana kitu chekundu mfano wa ncha ya sigara. Foni ilisema "krrr", ikakata roho.

"Ndugu wananchi," sauti ya Muzee ikasikika nyuma ya pazia, bila msaada wa mashine. Kisha: "Yannick!"

Yannick hakusikia. Alikuwa anawaeleza wageni kwamba moshi unaotoka kwenye kitambaa cha meza yake ni dalili ya nguvu. Waya ulipokatika na kuanguka kutoka mkaratusi mpaka mkaratusi, utepe ukiwaka, watu wa Bule walipiga makofi, wakidhani ndiyo fataki.

Muzee alitoka akiwa na maikrofoni mkononi. Akauona waya mwembamba ukifuka moshi. Akaiona kable nene, nyekundu, ikitoka tumboni mwa gari lake na kuingia dirishani, na mwanga mweupe ukimwagika kwenye nafasi ya ule mfuko wa mchanga.

"Nani anakula kuran yangu?"

"Bamama, Excellence," akasema askari.

"Ingieni, muikate!"

Askari walikwenda mpaka mlangoni, wakasimama pale kama waliogonga ukuta.

"Kanali," mmoja akanong'ona, "huko ni kwa bamama. Na bibi yangu iko ndani."

"Hata dada yangu iko," akajibu Kanali Nicolas. "Simama tu."

Basi Muzee akaenda mwenyewe. Mlangoni alikutana na Godelive, aproni imelowa, mikono juu ili asiguse kitu.

"Karibu, baba. Umepitia wapi?"

"Mimi ni Président-Fondateur!"

"Naona. Umepitia wapi?"

"Nimepitia... Nimetoka kwenye gari yangu!"

"Moja kwa moja?" Godelive akatikisa kichwa kwa huzuni. "Siye pia hapa tuko na utaratibu, mulitufundisha vizuri. Unaanza kwa Elisabeth, anayefagia. Yeye atakutuma kwa Françoise wa maji ya moto. Françoise akikuona uko na heshima ya kutosha, atakutuma kwa ule wa kupima batoto. Halafu mimi. Leo niko na kazi."

Muzee alimgeukia Yannick. Yannick alikuwa na masizi usoni na glavu moja, lakini mbele ya utaratibu alibaki mtu mwaminifu.

"Excellence," alisema, na machozi ya kitaaluma yakamlengalenga, "yuko na haki. Ni ngazi."

Muzee Fiacre aliketi kwenye benchi la akina mama, kati ya Kaswera, aliyemletea bintiye uji, na mwanamke wa Bule aliyekuja kwa ajili ya maharagwe na kushikwa na uchungu.

"Sogea kidogo, Muzee," akasema Kaswera. "Benchi si ya mutu mumoja."

Elisabeth akaja na ufagio. "Inua miguu, baba. Shida ni nini?"

"Hotuba."

"Ina damu?"

"Hapana."

"Basi inaweza kungoja."

Lakini redio zote za mji zilikuwa wazi, zikikoroma, na Muzee aliomba kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Harakati aliyewahi kuisikia. Elisabeth alikuwa na huruma. Akaipokea maikrofoni, askari wakampa foni mlangoni bila kukanyaga kizingiti, Françoise akaifunga kwenye kable nene. Kijicho cha foni kiliwaka kikali kuliko siku zote. Muzee, benchini, alisafisha koo, ingawa maikrofoni ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ndipo Bunia yote, kutoka sokoni mpaka uwanja wa ndege, ilisikia kimya. Kisha kofi dogo. Kisha kilio, kikali, cha hasira, kisichoogopa mtu. Vigelegele vikafuata, na sauti ya Godelive ikapasuka katika kila redio ya mji: "Mwanamuke! Iko muzima! Na mama yake iko muzima! Hubert, acha kulia, leta kitenge!"

Watu barabarani walikumbatiana. Mtangazaji, ambaye alikuwa na karatasi yake iliyoandikwa tangu jana na hakuwa na ruhusa ya kuibadilisha, akasoma: "Mmesikiliza hotuba ya Muzee Président-Fondateur kuhusu mustakabali wa Ituri." Kabla ya magharibi, Tawi Asilia lilitoa taarifa kwamba linaafiki hotuba hiyo neno kwa neno. Na vijana wa Bigo wakapata wimbo:

*Chembamba kimezunguka, kimechoka kwa safari,*
*Kinene kimekatisha, kimefika kwa fahari.*

Hubert alikuwa amesimama dirishani, kitenge mkononi, akitazama uso mwekundu uliowekwa kwenye nafasi ya mfuko wa mchanga ili baba auone. Akapenyeza kitenge ndani kwa mikono miwili.

Jioni hiyo uvumi ulifika kwamba lile tawi lisilo na jina limepata jina na linakuja. Muzee aliagiza Ikulu Tembezi iondoke. Dereva aliwasha gari, akasogea kidogo, akasimama. Kable nene, iliyojinyonga kwenye mhimili wa magurudumu, ilikuwa imekazwa kama kamba ya mbuzi, na ncha yake ya ndani Godelive alikuwa ameifunga kwenye nguzo ya chumba kwa fundo la mkunga.

Muzee akaenda mlangoni tena.

"Mama, naomba munifungulie."

"Aksanti kwa kuja, baba," akasema Godelive, akimfunika mjukuu. "Anza kwa Elisabeth."

"Elisabeth iko wapi?"

"Amekwenda kuteka maji."

Muzee akaketi.